Mwaka Niliomwongezea Mpwa Wangu

Walisema sitavuka Awasi. Hayo ndiyo maneno waliyonipa kama baraka siku nilipoacha kubeba barafu ufukweni Asembo Bay nikatangaza kwamba nakwenda kusoma. "Huyu? Akifika Awasi atashuka anunue muwa, arudi akiutafuna." Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu.

Nilivuka Awasi. Nilisomea ufundi wa majokofu nikapata diploma, kwa alama ambazo watoto waliokulia kwenye nyumba za vigae hawakuzipata. Nilikwenda nchi za Ghuba miaka sita, nikitengeneza viyoyozi juu ya mapaa yenye joto la kuyeyusha soli ya kiatu, kisha nikarudi. Nina nyumba ya mawe mjini, mtaa wa Manyatta. Mashine za barafu zinazotumika kwenye ufuko wetu nilizifunga mimi, kwa mikono hii, na hazijawahi kusimama siku tatu mfululizo. Nayasema haya mwanzo ili ijulikane kwamba jambo nitakalolieleza halikufanywa na mjinga. Mjinga angefanya kosa dogo.

Dada yangu mdogo alibaki Asembo akianika omena, dagaa wa ziwani. Ana binti mmoja. Kwetu ndugu wa mama huitwa nera, na nera si mgeni wa kuleta mkate na kuondoka. Neno lake kwa mtoto ni zito. Huyo binti alipokuwa na miaka mitano nilikuwa nimekuja likizo kutoka Ghuba, na nilimkuta akihesabu ndoo za samaki bila kukosea. Nikasema huyu aanze shule mara moja. Shule ikasema umri haujafika, mpaka mwaka ujao. Mwaka ujao! Mimi niliyechelewa kuanza shule kwa sababu ya umaskini, nisubirishwe na kalenda?

Mtoto hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Alikuwa na kadi ya kliniki tu, na kadi ilisema alizaliwa mwishoni mwa Mei, wakati omena imefungwa na nyavu haziruhusiwi majini. Nilikwenda kumsajili mwenyewe. Nilisema kadi imepotea. Chifu akaniandikia barua, kwa kuwa aliyekuja mbele yake ni mtu mwenye diploma na viatu vizuri, na kwenye fomu nikaandika mwaka mmoja nyuma. Nilipofika nyumbani kwa dada yangu niliichukua ile kadi nikaitia kwenye jiko la makaa. Nilifanya hivyo kwa utulivu, kama fundi anayeondoa waya usiotakiwa ili usije ukamchanganya atakayekuja baadaye.

Mtoto aliingia darasa la kwanza na akaongoza. Kila mwaka alikuwa wa kwanza au wa pili. Unadhani nilinyamaza? Nilirudi kabisa, nikajenga, na kila mgeni aliyekaa kwenye kochi langu alisikia habari za mpwa wangu aliye mbele ya rika lake. Nilisahau kabisa ni nani aliyemweka mbele.

Sasa nieleze kuhusu mawe. Omena ikianikwa kwenye nyavu chini, ndege hushuka: yangeyange, kunguru, na korongo wakubwa wale wenye vipara. Watoto ndio walinzi. Kila mtoto wa ufuko ana rundo lake la mawe, na anafunzwa kurusha tangu anapojua kusimama. Sisi wakubwa huwa tunakaa pembeni tukishangilia. Mpwa wangu alikuwa na shabaha ya ajabu. Nilimwona akimpiga kunguru aliyekuwa anaruka, nikapiga makofi, nikawaambia waliokuwepo, "Huyo ni damu yangu."

Siku ya tukio ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa tatu. Alikuwa analinda omena ya mama yake. Mvulana wa jirani akaja. Hao wawili walijuana tangu tumboni, kwa sababu mama zao walikuwa marafiki. Yule mvulana alipiga teke mchanga ukaangukia omena, akacheka, akapiga tena. Omena yenye mchanga hainunuliwi na mtu, na wiki iliyotangulia mpwa wangu alikuwa amechapwa kwa sababu hiyo hiyo. Alimwambia aache. Mvulana akapiga teke mara ya tatu. Binti akaokota jiwe kutoka kwenye rundo lake, akarusha kama alivyofundishwa, na likampata juu ya sikio.

Alikufa kesho yake, hospitalini.

Sitaki mtu asome hapa akidhani nalipunguza. Mtoto amekufa. Alikuwa mtoto mwenye meno makubwa ya mbele, na aliwahi kunibebea bomba la mashine kutoka barabarani mpaka ufukweni bila kuombwa. Hasira yangu haimgusi yeye.

Hasira yangu ni kwa watu wazima, na nianze na wale vijana waliong'oa mabati ya dada yangu Jumapili hiyo hiyo wakiimba. Walitaka wapewe mtoto. Wapewe wamfanye nini? Wazazi wao walikuwa wamesimama kando wamekunja mikono, waumini wote, Biblia zikiwa bado kwapani kutoka kanisani. Mzee mmoja niliyemheshimu sana aliniambia, "Akili ya kuua ni akili ya mtu mzima. Mwenye kuua amekomaa." Nikamuuliza kama mtoto akianguka kutoka kwenye ng'ombe amekomaa kwa kuanguka. Akasema nimeanza kiburi cha Ghuba.

Polisi walimchukua, na pengine ndivyo walivyoyaokoa maisha yake, hilo nawapa. Lakini walimweka kwenye chumba kimoja na wanawake wawili wazima waliokamatwa kwa kupika chang'aa, pombe haramu. Sheria inasema mtoto atengwe na wakubwa. Nilifika kituoni nikiwa na hasira, shati jeupe, na sauti yangu ya kuongea na mameneja.

"Huyu ni mtoto!" nikasema. "Mnamwekaje na wakubwa?"

Ofisa wa mapokezi hakuinua kichwa. "Mzee, hatuna chumba ingine. Ana miaka ngapi?"

"Kumi na moja."

Akavuta karatasi. Ilikuwa nakala ya cheti kutoka shuleni. "Hapa imeandikwa kumi na mbili, inaelekea kumi na tatu." Sasa akanitazama. "Hii cheti inadanganya?"

Nikageuka nikatoka nje.

Nilinyamaza siku tisa. Nataka hesabu hiyo ijulikane, siku tisa. Kwa sababu nilijua kwamba kutoa habari za uongo kwa msajili ni kosa, na nilijua watakaonicheka ni akina nani, nikiwataja mmoja mmoja kichwani. Wakati huo mtoto alipelekwa kwenye rumande ya watoto, akaacha kula, na dada yangu alikuwa kwangu Manyatta akikaa sakafuni na kukataa kiti. Redio ikatangaza: msichana wa miaka kumi na miwili amemuua mvulana wa miaka kumi na mmoja. Watu wakasema, unaona, mkubwa amemwonea mdogo. Hakuna aliyeuliza umri wa marehemu umetoka wapi. Marehemu haongezewi miaka.

Serikali ilimpa mtoto wakili, mwanamke kijana mwenye begi lililokatika mkanda. Kwanza nilimdharau. Nilimweleza kwa maringo jinsi mpwa wangu alivyo na akili, nikamletea ripoti za shule zote, nikidhani zitamsaidia. Alizisoma mpaka mwisho kisha akazisukuma upande wangu wa meza.

"Baba, hizi usimwonyeshe mtu."

"Kwa nini? Ni mtoto bora."

"Ndiyo hatari yenyewe." Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mteja kwa nini friji imekufa. Mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai, hata la kuua. Anahitaji ulinzi na malezi, na wapo maofisa wa watoto kwa kazi hiyo. Akishafika kumi na miwili, mpaka kumi na minne, sheria inaanza kwa kumhesabu kuwa hajui kupambanua jema na baya, lakini upande wa mashtaka unaweza kuthibitisha kwamba alijua. "Na watathibitisha kwa nini? Kwa hizi. Mwalimu mkuu ameandika hapa: mwerevu kuliko umri wake. Watasema alielewa. Watasema ana shabaha, alilenga. Watu wangapi wamesikia ukisifu shabaha yake?"

Jibu lilikuwa: ufuko mzima.

"Mwerevu kuliko umri wake," akarudia. Akakishika kile cheti, akakigeuza, akaniangalia. "Hiki kilichukuliwa na nani?"

Hapo ndipo niliposema. Sikusema kishujaa. Nilisema nikitazama mkanda wa begi lake. Alipomaliza kuandika aliweka kalamu chini, akasema, "Ungekuja siku ya kwanza, Baba."

Nilidhani kukiri kutatosha. Nilijiona mkubwa tena, mtu anayejitoa mhanga. Lakini neno la mwongo ni bei rahisi. Tulipeleka ombi la kuthibitisha umri, na mahakama ikaamuru apimwe. Nilikuwepo hospitalini, nje ya mlango uliokuwa wazi. Daktari wa meno alimwambia afungue mdomo, akahesabu magego kwa kijiti, akampiga picha ya taya. Mtoto akanitazama kupita bega la daktari, mdomo wazi, mate yakimtiririka kidevuni. Nimewaona wafanyabiashara wa mifugo wakimfanya ndama hivyo hivyo kabla ya kukubaliana bei. Daktari hakuwa mbaya, alifanya kazi yake. Aliandika: kati ya kumi na moja na kumi na tatu. Meno yalikataa kunitetea.

Tukahitaji karatasi. Kitabu cha uzazi cha zahanati kilikuwa kimeoza, kwa kuwa ziwa lilipopanda maji yaliingia mpaka kwenye makabati. Nikaanza kuzunguka nikiomba, mimi ambaye watu huja kwangu kuomba. Mwalimu wa chekechea aliniazima daftari lake la mahudhurio la miaka ile, lenye orodha ya watoto na umri wao wa kukisia tu. Katekista aliniazima daftari la ubatizo la kigango, limefungwa kwa mfuko wa plastiki, na akaniapisha kwamba halitalowa. Humo niliona mpwa wangu na yule mvulana wamebatizwa siku moja, jina moja likifuata lingine. Lakini tarehe za kuzaliwa hazikuandikwa.

Dada yangu ndiye aliyekumbuka, akiwa pale pale sakafuni. Yeye hajui kusoma, na alikuwa akisahau kadi ya mtoto nyumbani kila mara wanapokwenda kupima. Muuguzi akichoka kumgombeza alikuwa anaandika uzito wa binti pembezoni mwa kadi ya mvulana, kwa kuwa mama hao wawili walikuja pamoja siku zote. "Tulizaa wiki moja," dada yangu alisema. "Tulilala kitanda kimoja, yeye upande wa ukuta. Muuguzi aliandika siku ile ya kwanza, wote wawili."

Kwa hiyo karatasi ya kumwokoa mtoto wetu ilikuwa mikononi mwa mama wa mtoto tuliyemuua.

Wakili alisema anaweza kuomba mahakama iamuru kadi iletwe. Nilikataa. Hilo nalitaja kwa fahari, ni miongoni mwa mambo machache ya mwaka huo ninayoyatajia fahari. Nilikwenda mchana kweupe, peke yangu. Mama yule alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe.

"Usivuke uzio," alisema bila kuinua macho.

"Sivuki, Mama."

"Umeleta pole ingine? Ziko nyingi humu ndani, sina pa kuziweka."

"Nimekuja kuomba."

"Watu wa diploma nao huomba?" Akatupa jiwe dogo alilolitoa kwenye maharagwe. Lilianguka karibu na kiatu changu.

Nilimweleza. Kadi, pembezoni, uzito wa watoto wawili. Hakunikatiza.

"Unataka kadi ya mwanangu itoe mtoto wako."

"Ndiyo."

"Ya mtoto wako iko wapi?"

"Niliichoma."

"Kwa nini?"

"Nilitaka awe mbele."

Hapo ndipo aliponitazama. "Alikuwa mbele. Darasa moja mbele ya wangu. Unajua alikuwa akiniuliza nini? 'Mama, si tulizaliwa pamoja? Mbona yeye yuko mbele?' Kila mwaka shule ikifungua. Na mimi nilikuwa namwambia nini? Nilikuwa namwambia, wewe ni mzito wa kichwa. Nilimwambia hivyo mpaka akaamini. Akikosa hesabu anasema, si mimi ni mzito, Mama." Sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, na jirani mmoja alitoka nje kutazama. "Nilimwambia mtoto wangu ni mjinga! Kwa sababu yako wewe, na shati lako, na Ghuba yako!"

Nimetukanwa na watu wengi maishani, na wote nimewajibu. Huyo nilimwinamishia kichwa.

Aliingia ndani akakaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na kadi ndani ya bahasha ya picha. Hakunipa mkononi, aliiweka juu ya nguzo ya uzio.

"Mimi simsamehe yule mtoto. Usiende kusema nimesamehe. Lakini wangu hakuwa mzito. Walikuwa sawa. Ukasome hivyo mbele ya jaji, kwa mdomo wako. Na hii ni ya kuazima. Ndiyo iliyobaki."

Mahakamani nilivaa suti. Mwendesha mashtaka alikuwa mtu wa sauti tamu, na aliniuliza kama nimesoma mpaka wapi. Nikataja diploma. Akaniuliza kama kusoma huko kulinifundisha kujaza fomu. Watu wakacheka kule nyuma.

"Basi, Bwana, tusaidie. Ulidanganya wakati ule, au unadanganya leo?"

"Wakati ule."

"Na sisi tutajuaje?"

"Msiniamini mimi. Someni kadi ya marehemu." Nikaisoma mwenyewe, kwa sauti: tarehe ya kuzaliwa ya mvulana, uzito wake, na pembeni, kwa mwandiko ule ule, mtoto wa kike, siku mbili baadaye, kilo mbili na nusu. Nikasema kwamba watoto hao walikuwa rika moja, sawa kabisa. Nikasema yule mvulana hakuwa nyuma. Ni mimi niliyempeleka mwenzake mbele kwa uongo. Jaji akaniambia inatosha. Nikasema tena.

Mama wa mvulana alikuja kutoa ushahidi pia. Aliulizwa kama ana hakika na wiki ile. Akasema, "Mimi ndiye nilikuwa upande wa ukuta."

Uamuzi ulisomwa wiki kadhaa baadaye. Siku ile ya jiwe mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na moja, alibakiza miezi miwili na kitu. Shtaka likaondolewa, akakabidhiwa kwa ofisa wa watoto. Mjini walisema ameachiliwa. Ameachiliwa! Anaishi kwangu, hawezi kukanyaga Asembo, kila wiki anapelekwa kuongea na mshauri, na akiona mtoto mwenzake anaokota kitu chini anajikunja. Kama hiyo ndiyo kuachiliwa, na wanaosema hivyo waachiliwe vilevile. Wangependa nini, afungwe na wauza chang'aa mpaka ajifunze vizuri? Mtoto wa miaka kumi na moja tulimpa mawe sisi, tukamfunza sisi, tukampigia makofi, halafu jiwe lilipofika pabaya tukamtafuta mtu mzima ndani yake ili tumwadhibu badala yetu. Sheria ile ya umri, ambayo mjini wanaiita ya kulea wahalifu, ndiyo pekee iliyomwita kwa jina lake, yaani mtoto.

Mimi nilipata haki yangu. Nilikiri kosa la cheti nikapewa miezi mitatu ya kufyeka nyasi kwenye ofisi za serikali, kando ya njia ambayo kila mtu wa ufuko hupita akienda kujaza fomu zake. "Omera, ndugu yangu, hiyo fyekeo ulisomea Ghuba?" waliniuliza. "Pole pole Bwana Diploma, nyasi ziko mbele ya rika lao!" Nilifyeka. Nilifyeka vizuri kuliko wote, na msimamizi alikiri hivyo.

Kazi hiyo ilipoisha, wakili akafanikiwa kurudishiwa karatasi zote kutoka mahakamani, nami nikazirudisha siku moja. Mwalimu wa chekechea alichukua daftari lake akalitia kabatini. Katekista alikagua kurasa moja moja akitafuta unyevu, hakuuona, akanipa mkono. Mwisho nikaenda kwenye ule uzio, na nikasimama nje kama mwanzo.

Mama yule alifika, akapokea bahasha kwa mikono miwili.

"Ulisema?" aliuliza, ingawa alikuwepo.

"Nilisema."

"Walikuwa sawa."

"Walikuwa sawa, Mama."

Akaitoa kadi. Pale juu, karibu na tarehe ya kuzaliwa, karani wa mahakama alikuwa ameandika namba ya kielelezo kwa wino mwekundu, herufi kubwa, na kuizungushia duara. Nilikuwa nimeiona njiani. Nilikuwa nimeomba Mungu asiione.

"Nani aliandika hapa?"

"Ni ya mahakama. Huwa wanaandika kwa kila kitu."

"Nilikupa ikiwa safi," alisema. "Nilikupa ikiwa safi." Alilowesha kidole gumba kwa mate, akaanza kusugua lile duara taratibu, akiikwepa ile tarehe, na wino ukazidi kuenea.

Nilibaki pale uzioni. Hakuniambia niende.